Karani Aliyeangushwa na Zulia

Jumatatu nikiwa kwenye foleni ya kliniki moja pale mtaani Umoja, aliingia karani wa makamo ameshikilia mkono wake wa kulia uliovunjika. Mama yake mzee, aliyekuja kumtembelea kutoka Machakos, alikuwa amembebea mkoba na koti.

"Ulianguka wapi?" daktari akamuuliza mbele yetu sote.

"Nilijikwaa kwa zulia la ofisi."

"Zulia tu? Basi mifupa yako ni dhaifu. Maziwa unakunywa?"

"Yale ya chai."

"Mazoezi je?"

"Daktari, mimi nina kiti cha kuzunguka."

"Sigara?"

"Pakiti moja tu kwa siku."

Mama akasonya. "Mimi juzi nilianguka shambani mara mbili. Nikainuka, nikaendelea kulima."

Nikawaza: sisi wazazi tuliwasomesha watoto ili wasishike jembe. Tumefaulu kupita kiasi: huyu sasa hashiki hata kalamu.