Tulipokula Sahani Moja

Tukiwa na miaka kumi na tano, mimi na rafiki yangu wa mtaa wa Mangobo tulikuwa chanda na pete, wote wawili wembamba. Kisha mama yake akaanza kuuza lituma mbele ya nyumba yao: ndizi za kuchemshwa, zikapondwa, zikaviringwa, na samaki wa kukaanga pembeni. Kila tukitoka shule tulikula yaliyobaki, sahani moja. Akimega, namega. Sijui nani alikuwa akimfuata nani. Kabla mwaka haujaisha sketi zetu za shule zilikataa kufunga, na mwenye pikipiki akitupakia wote wawili alililia tairi lake, "Bamama, pneu yangu itapasuka!" Tulicheka, maana kwetu unene ni sifa. Mama yake alitutazama kama mtu anayetazama shamba lake.

Ndipo rafiki yangu akaingia timu ya basketi. Wasichana wa timu hawakula kabla ya mazoezi, naye akaacha kula. Baada ya mazoezi walikunywa maji na kula papai, naye vivyo hivyo. Akakonda. Mimi nikabaki na sahani peke yangu, na wivu nilikuwa nao, tena mkali. Niliwachukia wale wasichana na miguu yao mirefu.

Majirani hawakusema ni michezo. Walisema mtoto ni mgonjwa. Jumamosi moja mama yake akaniita jikoni.

"Mutoto yangu, rafiki yako iko nakonda, batu banasema mubaya. Wewe ukikula, naye atakula. Akirudilia kula, ile mupira ataacha."

Akamwita rafiki yangu, akatuwekea sahani. Nilikuwa na njaa, na nilimtaka rafiki yangu arudi. Lakini alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya mazoezi, na alinitazama kwa namna iliyonifanya nione haya. Nikasema nimeshiba.

"Muongo," rafiki yangu akasema. "Tangu lini wewe ulishiba?"

Akanawa, akamega, akanisogezea kipande kikubwa cha samaki. Tukala mpaka tukamaliza. Mama yake alikuwa mlangoni, anatabasamu.

"Umeona?" akaniambia.

Rafiki yangu akafuta mikono, akanigusa bega, akatoka. Wale wasichana walikuwa wakimngoja njiani. Nilisikia wakimwita, naye akawaitikia kwa ile sauti ya furaha ambayo zamani ilikuwa yangu.