Wazee Waliokataa Kulala

Mwanangu, wiki ijayo unaanza kazi ya kuhudumia wazee, na mimi mama yako sina kitu cha kukufungia kwenye kanga. Ninayo siku moja tu ninayoikumbuka. Ilikuwa mchana, jua kali, na mpaka leo nikiisimulia mikono inanisisimka. Kaa nikupe hiyo.

Nilikuwa binti, nimemaliza la saba, masomo ya jioni bado sijayaanza. Kituo chetu cha wazee kilikuwa nje kidogo ya Bariadi, njia ya kwenda Nkoma. Jengo moja refu la bati, wanawake upande huu, wanaume upande ule, katikati ukuta mfupi unaofika kiunoni. Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wameingia na malori yao, hospitalini wameanza kusema changia, vijana wametawanyika kila mtu na lake. Mzee akibaki peke yake na nyumba inaanguka, habari zinafika kwa paroko, paroko anatuletea sisi. Wahenga walisema sungura akizeeka hunyonya kwa mwanawe, lakini siku zile hata methali zilikuwa zimechoka.

Basi ndani ya wiki moja tukaletewa vitanda vya chuma, vya wafadhili. Mpaka hapo wazee wetu walilalia vitanda vya kamba, wengine ngozi ya ng'ombe chini, kila mtu alivyojipangia mwenyewe. Matroni wetu alikuwa mama msafi, mkali kwa vumbi kuliko kwa dhambi. Akavipanga mstari mmoja ulionyooka, vichwa vyote kwenye ukuta wa machweo. Sisi wahudumu tukasimama mlangoni tukasifia, tukasema sasa na sisi tuna hospitali.

Wiki hiyohiyo akaletwa Mayu Ngolo, yaani Mama Ngolo kwa Kisukuma chetu, kikongwe mwembamba mwenye macho mekundu. Unajua kwetu macho mekundu yalikuwa na maana gani. Mama wa watu amepikia samadi kavu maisha yake yote, moshi umemla macho, halafu majirani wanasema ni mchawi. Vikongwe wa namna hiyo walikatwa mapanga milangoni kwao, na kukicha kijiji kizima hakuna aliyesikia kitu. Katekista ndiye aliyemtoa, baada ya kukuta alama imewekwa mlangoni kwake.

Haukupita muda, wazee wakaacha kulala.

Sisemi walikosa usingizi, maana uzee na usingizi ni mahasimu tangu zamani. Nasema waliacha. Ukiwalaza wanainuka. Ukizima taa unawaacha wamekaa, ukirudi asubuhi wamekaa. Wakaanza kudhoofika, uji unarudi na vikombe vyake, na hakuna anayesema kinachomsumbua. Ukimuuliza mmoja, "Babu, unaumwa wapi?", anakuangalia kama umetukana.

Wakati huo alikuwepo pale Mama Veneranda, muuguzi mtu mzima aliyetoka Mwanza kuja kutufundisha. Mafunzo yake yalituchekesha. Alisema kabla hujagusa kitanda, salimia mwenye kitanda, salamu nzima siyo nusu. Kaa chini, macho yako yasiwe juu ya macho yake. Halafu muulize jambo moja lisilohusu ugonjwa. Leah, mwenzangu aliyekuwa na mdomo, akanong'ona kwamba kwao wangekuwa wanamuuliza ng'ombe kabla ya kumkamua wangekunywa chai ya rangi mpaka Krismasi. Tukacheka mpaka Mama Veneranda akageuka.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Wazee wameshakula, ni ule muda wa kupumzika, bati linalia kwa joto. Mama Veneranda akatuchukua tuingie tujifunze kumgeuza mzee kitandani. Tulipofika mlangoni akasimama ghafla, na sisi nyuma yake tukagongana.

Walikuwa wamekaa wote. Mstari mzima, migongo imenyooka, miguu imenyooshwa juu ya shuka, nyuso zinatazama upande mmoja. Hakuna anayekohoa. Nzi wanatembea juu ya midomo na hakuna mkono unaoinuka. Aliyelala alikuwa mmoja tu, mzee wa ziwani, wa upande wa Nyashimo, huyo anakoroma kama pikipiki.

Na katikati ya ukimya ule tukasikia sauti. Mayu Ngolo alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mwisho, kando ya ukuta mfupi, anaita majina. Anaita taratibu, jina moja, halafu anangoja. Aliyeitwa anaitika bila kugeuza kichwa. Anaita mwingine. Majina yakavuka mpaka upande wa wanaume. "Masanja," akaita, na Mzee Masanja aliyekuwa ng'ambo ya ukuta akaitika kwa sauti ndogo kama inatoka kisimani. Akimaliza wote, anaanza upya.

Leah alinishika mkono, kucha zikaingia. Mimi nilikuwa na rozari mfukoni na sikuweza kukumbuka Salamu Maria inaanzaje.

Habari zikamfikia Matroni kabla hatujatoka mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu, alikuwa na wazee wanaokwisha mbele ya macho yake na wahudumu wanaosema hawaingii tena ndani. Akasema Mayu Ngolo arudishwe kwao alasiri hiyohiyo, lipo lori la pamba linapita huko. Kila aliyekuwepo alijua kumrudisha ni nini. Lile lori lingemshusha kwenye panga.

Mama Veneranda hakubishana na Matroni. Alitugeukia sisi.

"Nimewafundisha kuuliza. Mmeuliza nani?"

Leah akajificha mgongoni kwangu.

"Mnamwogopa mtu ambaye hamjui hata alikuwa analalaje kwao. Wewe," akaninyooshea kidole, "nenda kamsalimie. Na usimuulize kwa nini halali. Huyo siyo mtuhumiwa."

Nilitembea ule mstari, mwanangu, na kila kitanda nilichopita macho yalinifuata. Nikapiga magoti sakafuni mbele yake nikasema, "Mwadila, mayu," ile salamu yetu ya mchana. Akaitika. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na baba yangu ni wa nani, na mama yangu katoka wapi, tukasalimiana mpaka salamu ikaisha yenyewe kama inavyotakiwa. Mikono yake ilikuwa ya baridi lakini ilikuwa mikono ya bibi. Nikamuuliza, "Mayu, kule kwenu kitanda chako kilielekea wapi?"

Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Mimi nasema ni Roho Mtakatifu, wewe utasema unavyotaka.

Yale macho mekundu yakanitulia usoni. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, ukiingia nyumba ya watu ukamkuta mtu amelazwa hivi, kichwa kule, unamletea uji au unamletea sanda?"

Niliinua macho nikautazama ule mstari, na nikamwona marehemu bibi yangu, kichwa machweo, siku tulipomuaga. Koo zinatofautiana, na mzee wa ziwani desturi hiyo haikumhusu, lakini wengi wa pale maiti yao hulazwa hivyohivyo. Tulikuwa wahudumu wa hukuhuku, tumezika hukuhuku, na hakuna aliyeona. Tuliona chuma kipya na shuka nyeupe.

Kwa nini hamkusema, nikamuuliza. Akajibu kwamba anayelishwa hachagui upande wa kulala, na jambo la kifo ukilitaja kitandani umelikaribisha. Na yale majina? "Nawaita wasije wakasinzia hivyo wakapotea."

Nilimwambia Matroni mbele ya wote. Alivua viatu, akashika mguu wa kitanda cha kwanza, akaanza kukivuta.

Tukageuza vitanda. Kila mmoja tukamuuliza anataka kichwa kiwe wapi, na ule mstari mzuri ukaharibika kabisa, kimoja huku, kingine kule, chumba kikawa kama zizi. Na nyuma yetu, mmoja baada ya mwingine, tukasikia pumzi za watu waliolala. Leah akaanza kulia huku anasukuma.

Tukafika kwa Mzee Masanja. Yeye alikuwa ameshajilaza mwenyewe, kichwa machweo, mikono kifuani. Tukashika kitanda, na Mayu Ngolo akainua mkono wake juu ya ukuta mfupi.

"Hicho kiacheni. Huyo ameshachagua."

Tukakiacha. Lori la pamba likapiga honi getini. Na kabla dereva hajamaliza maji aliyoomba, Mzee Masanja alikuwa ametutoka, kimya, kama mtu anayefunga mlango asiamshe watoto.

Ndipo hofu iliporudi, na safari hii ikiwa na meno. Nilimwona Leah anarudi nyuma. Mmoja akasema wazi, amemmaliza. Matroni aliangalia getini, akamwangalia yule kikongwe, na mimi nikaona kwamba maisha ya mtu yanaweza kuning'inia kwenye jicho la mtu mwingine.

Mama Veneranda akaenda akakaa sakafuni, miguu ameikunja. "Mayu, ulijuaje?"

"Ameacha kuuliza habari za ng'ombe wake," akasema Mayu Ngolo. "Uji anaupokea kwa adabu, anaushika tu. Leo asubuhi miguu yake ilikuwa ya baridi mpaka magotini, mimi ndiye niliyemfunika. Ninyi mlikuwa mnadeki."

Mama Veneranda akatuangalia mmoja mmoja. "Hayo," akasema, "ndiyo niliyotoka Mwanza kuja kuwafundisha."

Matroni alitoka pekupeku mpaka getini. Lori likaondoka bila mtu.

Mayu Ngolo aliishi na sisi miaka, na wasichana wapya walipelekwa kwanza kukaa naye. Lakini sitakuficha. Mchana ule, tulipokwisha kumtoa Mzee Masanja, aliwaita tena wote kwa majina, kwa upole, na wazee waliokuwa macho wakaitika. Alipofika kwa Masanja akaita, akangoja kama anavyongojea wengine, akaitikia kwa kichwa, akaendelea. Tulikuwa wanne mle ndani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amesikia nini, na mimi ninayesali kila siku sitakuambia.

Sasa sikia, mwanangu. Huko unakokwenda utafundishwa kupima joto na kufunga vidonda, vishike vyote. Lakini shuka nyeupe isikuzibe macho. Mzee siyo kitanda, ana kwao, na kwao kuna namna ya kulala, kula, kuogeshwa na kufa. Piga magoti uulize, halafu nyamaza usikie. Anayesema tu kwamba mzee ni msumbufu hajamuuliza. Na ukimkuta mtu anajua jambo usilolijua, usikimbilie kusema ni mchawi. Huenda alikuwa anatazama wakati wewe unadeki. Wamekufa wengi kwetu kwa kosa hilo, na damu yao Mungu anaijua kwa majina.

Nenda. Mungu akupe magoti yasiyochoka kupigwa na masikio yasiyo na haraka. Mikono yako iwe ya joto popote itakapogusa. Na siku na wewe utakapolazwa na watu wengine, awepo mtoto wa mtu atakayekuuliza kichwa chako kielekee wapi. Amina.