Utepe Chini ya Usukani

Kaka yangu wa pili watu walimwita Taratibu, na jina hilo hakulipenda. Alikuwa fundi umeme wa magari. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka letu la vifaa: mimi mbele kwenye kaunta nauza alamu na redio, yeye nyuma amelala chali chini ya dashibodi za watu, miguu imetokeza nje ya mlango. Kazi ambayo mafundi wengine waliimaliza chai ikiwa bado ya moto, yeye ilimchukua siku nzima. Hakukata waya bila kuupima. Hakuunga kwa kusokota na kuviringisha utepe wa gundi, alichomelea kwa risasi ya kuyeyusha. Na kila waya aliougusa aliuvisha kipande cha utepe mweupe, akaandika juu yake kwa kalamu unakwenda wapi na kwa nini. Nilimtania kwamba siku akioa atambandika utepe hata mkewe. Yeye alijibu kwamba fundi atakayefungua gari hilo baada yake naye ni mtu.

Kaka Mkubwa ni wa aina nyingine kabisa. Kifungua mimba, ofisi kubwa, sauti inafika kabla yake. Baba alihamia kwake Mama alipofariki, na Mkubwa hakumwachia mtu nafasi ya kulisahau hilo. Siku moja alikuja na gari lake la gia za mkono, akataka alamu inayowasha injini kwa rimoti. Kumbe mwenzake mmoja kazini huwasha lake akiwa dirishani, ghorofa ya tatu, na akishuka analikuta kiyoyozi kimeshalipoza ndani. Basi ndicho kilichokuwa kinamkosesha raha.

Nilimwekea maboksi matatu. La kwanza lilikuwa la king'ora na kufunga milango tu. La pili lilikuwa na rimoti yenye kioo kidogo, ya kukuarifu gari likiguswa. La tatu ndilo la kuwasha injini. Taratibu alikuja akifuta mikono, akamshauri achukue la pili. Alieleza kwamba gari la gia za mkono likiachwa kwenye gia, kisha likawashwa bila mtu ndani, linaondoka. Mkubwa akasema anataka la tatu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatia chumvi, nikasema hilo ndilo wanalochukua mabosi wote. Nilikuwa nauza.

Taratibu aliifunga kwa siku mbili, akaifunga inavyotakiwa. Kila ukiegesha unaweka gia huru, unavuta breki ya mkono, unachomoa ufunguo huku alamu ikiiacha injini iendelee kunguruma, unashuka, unafunga milango, ndipo injini inazimika yenyewe. Ukiruka hatua moja, rimoti haiwashi kitu. Alamu haina njia nyingine ya kujua kwamba gia iko huru.

Wiki haijaisha, Mkubwa akarudi amefura. Rimoti ilimgomea mbele ya wenzake. Breki yake ya mkono ilikuwa imelegea na nyumbani kwake kuna mteremko, hivyo alizoea kuegesha gari likiwa kwenye gia ya kwanza. Kutengeneza breki hakutaka. Alitaka hatua zile ziondolewe.

"Hilo silifanyi, kaka," Taratibu alisema. "Litakuja kuua mtu."

Mkubwa hakupandisha sauti. "Baba yenu anakula kwangu, analala kwangu," alisema. "Leo wewe ndiye wa kunifundisha usalama?"

Nilikuwepo, nimesimama na kikombe changu. Nilimwona Taratibu akishusha macho. Kwetu tumelelewa hivyo: kaka akisema, mdogo habishi mara ya pili, na Baba alitutandika mpaka likatuingia. Alirudi chini ya usukani, na kazi ile ndiyo pekee niliyowahi kumwona akiimaliza upesi. Aliipanga alamu upya, na waya wa kuizuia akauunga kwenye bodi ya gari, ili alamu iamini siku zote kwamba gia iko huru. Fundi alikosa, sibishi. Nilimwona akikosa, nikamaliza chai yangu.

Mwezi uliofuata, asubuhi, Baba alikuwa anamwagilia maua yaliyopandwa kwenye makopo, kati ya pua ya gari na ukuta. Mkubwa yuko mezani anakula mkate. Akabonyeza rimoti. Gari liliruka hatua mbili tu, likazimika. Hospitali wakaukata mguu wa Baba wa kulia chini ya goti.

Gari lililetwa dukani alamu ing'olewe. Taratibu hakuweza hata kulisogelea. Aliniambia ning'oe mimi, na nisome kabla sijang'oa. Chini ya usukani, kwenye waya ule, nilikuta utepe wenye mwandiko wake mdogo: Si salama. Nimeunga kwa amri ya kaka baada ya kumkataza. Na tarehe. Niliubandua nikautia kwenye mkoba.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mkubwa. Baba alikaa kwenye kochi, mguu uliobaki chini, ule mwingine juu ya mto. Mkubwa alieleza kwamba alamu ilifungwa vibaya, na kwa hilo hakudanganya. Baba akamuuliza Taratibu kama ni yeye aliyeunga ule waya. Akasema ni yeye, akanyamaza, kwa sababu kumshtaki kaka mbele ya baba ni jambo asiloliweza. Akanitazama mimi. Baba naye akageuka.

"Wewe ulikuwepo dukani," aliniuliza. "Kaka yako mkubwa alionywa?"

Mkoba ulikuwa mapajani kwangu. Mke wa Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kumsafishia Baba kidonda. Nikawaza, nikiutoa utepe huu, leo Baba atalala wapi? Chumba changu kiko juu ya ngazi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni ya uongo. Nilimwogopa Mkubwa vilevile nilivyomwogopa nikiwa na miaka sita.

"Sikusikia, Baba," nikasema.

Baba akamwambia Taratibu asikanyage tena pale, hata siku ya kumzika. Habari zikasambaa kwa mafundi wote, wateja wakakimbia, naye akaondoka na sanduku lake la vifaa bila kuniaga. Siku hizi anafunga taa za mabango. Karakana yake nimejaza matairi. Kila mwezi nilijiambia mwezi ujao nitamwambia Baba, na ilikwenda hivyo miaka mitatu, mpaka Baba akafa.

Taratibu alikuja mazikoni. Alisimama nyuma kabisa, katikati ya watu wasiomjua, na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Watu walipotawanyika nilimfuata, nikafungua mkoba, nikamwonyesha. Gundi ilikuwa imekauka, lakini maandishi yalisomeka vizuri. Nikamwambia nitausoma sasa hivi, mbele ya Mkubwa na ukoo mzima.

Aliushika, akausoma wote, polepole kama kawaida yake, kisha akanirudishia.

"Utupe, mdogo wangu," alisema. "Niliyetaka ausome tumeshamfukia."