Ijumaa za Kuimba Buganguzi

Enzi zetu katika shule ya Buganguzi, somo la kuimba lilikuwa Ijumaa saa tano, na lilikuwa la wenye sare tu. Sisi wanne tuliovaa matambara tulipewa majembe tukapalilie kibanja cha mwalimu, shamba lake la migomba nyuma ya darasa. Aya hii nimeiandika mara sita, na kila mara hasira imeniharibia mwandiko.

Ukuta ulikuwa wa udongo na dirisha halikuwa na kioo, basi tulisikia yote. Mwalimu alipiga ubao kwa fimbo, do, mi, so, nasi tukapalilia kwa mapigo hayo hayo, harufu ya kahawa iliyoanikwa ikitujaa puani. Koku, binti wa jirani yetu na mmoja wa sisi wanne, alishika sauti ya pili kabla ya wote waliokuwa ndani. Mimi nilijifunza kwake, nikizichora noti kwa mwiba kwenye majani ya mgomba. Mwenye sare mmoja alichungulia dirishani, akatucheka:

"Enyi wapalizi, mnaziimbia ndizi?"

"Ndizi zina masikio kukushinda wewe!" Koku akamjibu.

Tata, baba yangu, hakuona ajabu. Tuliishi kwenye ardhi ya mtu mwingine na kila msimu tulimpelekea sehemu ya mavuno. Alizoea kutuambia, "Mwenye shamba akikuita, itika kwanza, uliza baadaye."

Nilipokuwa darasa la nne, mkaguzi Mzungu alitarajiwa kuja kutoka Bukoba kusikiliza nyimbo zetu. Surua ikamlaza mwimbaji mmoja. Mwalimu akaja kibanjani na sare ya yule mgonjwa mkononi.

"Nani anaijua sauti ya pili?"

Nilijua ni Koku. Wote wanne tulijua. Lakini mimi ndiye niliyenyoosha mkono upesi na kusema, kwa heshima ya kikwetu kama kumwita bwana, "Mimi, waitu!"

Siku ya mkaguzi nilikosea noti mbili. Kutoka nje, katikati ya migomba, nilimsikia Koku akiziimba zilivyopaswa, taratibu, ili nimfuate. Nilimfuata. Mkaguzi akapiga makofi, mwalimu akaniachia ile sare, na tangu siku hiyo sikushika jembe tena. Ijumaa zilizofuata nilisimama nikilipa dirisha mgongo. Mwaka uliofuata Koku akaacha shule. Sijawahi kumwambia mtu haya.

Siku hizi mimi ni mwalimu msaidizi wa kuimba katika shule ile ile. Kinanda nilijifundisha mwenyewe, usiku na mchana, mpaka vidole vikavimba. Watoto wa sasa wana madaftari ya noti na wana kinanda. Wamejifunza kukata viuno kwa santuri za dukani kwa Mhindi, lakini waambie washike noti moja kwa pumzi moja, watapiga miayo kama wazee wa baraza. Na sare bado ni sharti. Tena wametujengea darasa la matofali, madirisha yana vioo. Mtoto anayeachwa nje leo hasikii hata do. Hayo ndiyo maendeleo yanayosifiwa kwenye mikutano!

Wiki iliyopita Koku alikuja shuleni, amemshika mkono binti yake mwenye gauni lililotoboka begani.

"Mwalimu," akaniita, yeye aliyekuwa akiniita kwa jina langu, "huyu anaimba kutwa, hata mbuzi wamemchoka. Sare nitamshonea tukiuza kahawa. Aje Ijumaa?"

Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma yangu. "Utaratibu unaujua," akaniambia.

Niliogopa, na aibu hiyo naikiri. Utotoni niliweza kusema niliogopa fimbo. Sasa nina miaka ishirini na mitatu, hakuna anayenichapa, na bado nilimtazama Mwalimu Mkuu kwanza, mpaka Koku akageuka aende zake.

"Koku!" nikaita. "Mlete kama alivyo."

"Na akifukuzwa?"

"Tutafukuzwa wawili."

Koku hakutabasamu. Kisha akamsukuma mtoto mbele kidogo, akamwambia, "Msalimie mwalimu wako."