Siku Tuliyoomba Kura Tukapewa Unga

Ilinipasa kuvikataa vile viatu. Nalisema hili mapema ili hata nikiwachekesha msisahau nilichofanya.

Wenzangu mliokulia kwenye mashamba ya wazungu kule Saboti, mnazikumbuka asubuhi zetu? Baridi ya Mlima Elgon ilituuma masikio, kipande cha reli kikagongwa kuita watu kazini, na wazazi wakatoka kwenda kupalilia mahindi ya bwana. Sisi tulikimbia peku kwenye umande, tukifukuza mpira wa majani makavu ya mgomba. Ukilowa, ulikuwa mzito kama jiwe! Wajukuu wangu siku hizi wanacheza mpira kwa vidole gumba, wamekaa kwenye kochi, kisha wanasema wamechoka.

Likizo moja nilirudi kutoka shule ya bweni Bungoma, nikakuta kijiji cha wafanyakazi kinachemka kwa neno moja: kura! Afisa wa kazi alikuwa anakuja kutoka Kitale kusikiliza shida zetu. Watu walitaka kumchagua mtu wao aingie kwenye baraza la shamba, lile lililoamua kila familia ilime wapi na ifuge ng'ombe wangapi. Hadi hapo aliyekaa humo kwa niaba yetu alikuwa nyapara Simiyu, naye kila alichosema bwana alikiitikia.

Watoto tukaiga mara moja. Tulimchagua nahodha wa mpira kwa kutia punje za maharagwe kwenye kibuyu. Akashinda msichana, Nafula, na wavulana tukanuna.

"Si mmenipigia wenyewe?" akatuambia. "Sasa nyamazeni, tucheze!"

Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Mkimaliza hiyo kula yenu, mnirudishie maharagwe!"

Ndiyo, kula. Ndimi zetu mnazijua, r na l kwetu ni kitu kimoja. Hakuna aliyechanganyikiwa. Kila mtu alijua ni kula gani.

Nyapara pia alijua. Afisa alikuwa mgeni, Kiswahili hakijui, na mimi wa darasa la saba ndiye niliyetakiwa kutafsiri. Nyapara akaniita nyuma ya ghala, akanionyesha viatu vya ngozi vya kahawia.

"Kijana ya Wanjala, baba yako akisema kula, wewe mwambie mzungu ni chakula. Hapo umedanganya wapi, bana?"

Darasani kwetu Bungoma nilikuwa miongoni mwa wachache waliobaki bila viatu. Nilivitazama, nikasema ndiyo.

Siku ya mkutano na afisa ilikuwa kama Krismasi! Wanawake walikuja wakiimba, nguo zimefuliwa, watoto tumepakwa mafuta mpaka magotini. Baba alivaa koti la kuazima, mikono ikamfika nusu. Akasimama mbele ya afisa.

"Bwana, hatukuja kuomba kitu ya bure. Tunataka kula. Kula yetu sisi wenyewe!"

Vigelegele vikapaa. Fahari na hofu zikanijia pamoja. Kisha nikamgeukia afisa, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba wanaomba chakula.

Afisa akatabasamu, akaandika, akaamuru tuongezewe magunia ya unga. Watu wakatazamana. Nyapara akawahi kupiga makofi.

Njiani baba aliniuliza, "Ulimwambia mzungu vile nilisema?"

"Nilimwambia vile ulisema, baba."

Akanishika bega, akanishukuru.

Msimu uliofuata baraza likapunguza mashamba ya wafanyakazi na kuamuru ng'ombe waondolewe. Nyapara akaitikia. Tukafungasha, tukahamia kwa amu karibu na Mabanga, kwenye ukanda mwembamba ambao jembe likiinuliwa sana linaangukia kwa jirani.

Leo vijana wetu siku ya kura wanalalamika kwamba foleni ni ndefu na jua ni kali. Wakituma kwenye simu vichekesho kuhusu sisi tunaosema kula badala ya kura, nyumba nzima inacheka. Mimi natoka nje. Ningetoa chochote nisimame tena kwenye umande ule, peku, nikisubiri baba amalize kusema.

Viatu vilinibana kabla ya mwaka kwisha. Vilitugharimu shamba la Saboti na ng'ombe wetu wote saba. Na baba alikufa akiamini kwamba mzungu alimsikia akakataa, kwa sababu sikuwahi kumwambia kwamba ni mimi.