Wasemaji Wawili wa Mahari Moja

Hata leo, nikipita Murara, huwa navuka barabara nisikutane na wakwe wa mdogo wangu Didier, maana hunisalimu kwa kuniuliza habari za ng'ombe, na aibu hiyo nilijitafutia mwenyewe, tena kwa elimu yangu.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta nyingi zinazogawana kazi moja: kila moja hutuma ishara kwamba ingali hai, na inayokaa kimya kupita muda uliowekwa huhesabiwa kuwa imeanguka, kazi yake ikapewa nyingine. (Ni utaratibu mzuri sana, kwa kompyuta.) Nilipokabidhiwa maandalizi ya mahari ya Didier, nikaona familia nayo iendeshwe hivyo. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa, Papa Anselme, akitoka Masisi. Nikamwekea wa akiba, mjomba wetu Papa Kizito, nikamwomba Papa Anselme anitumie ujumbe kila apitapo mahali. Baada ya kupita Sake, njiani, akanyamaza. Ningeweza kungoja; badala yake, nikijiona mtaalamu, nikamwambia Papa Kizito, "Papa, ni weye sasa."

Kwa wakwe, Papa Kizito alisimama chini ya hema uani, akasema vizuri mno, akaahidi ng'ombe baada ya harusi kwa kuwa barabara ni mbaya. Nilikuwa bado natikisa kichwa kwa kuridhika, baba wa bibi-arusi alipotoka sebuleni, na nyuma yake Papa Anselme, soda mkononi. Simu yake ilikuwa imezimika, lakini pikipiki yake haikuzimika: alitutangulia, akaketi na wazee ndani, na alikwisha kuahidi ng'ombe kabla ya harusi.

Didier alinitazama kama mtu anayeona ndoa yake ikiteremka mlima bila breki.

"Hii famille iko na vinywa mbili," alisema msemaji wa wakwe, taratibu. "Mutoto wetu atalisha kinywa gani?"

"Papa Anselme, simu yako ilinyamaza," nikajitetea kwa sauti ndogo.

"Simu ndiyo ilinyamaza. Miye nilinyamaza lini? Ungetuma mutu aniangalie."

Wakwe wakanong'onezana, kisha msemaji wao akasimama tena. "Siye hatuhaibishe wazee wa watu. Wa kwanza amesema ng'ombe inakuja mbele ya ndoa. Wa pili amesema nyuma ya ndoa. Tunaitika zote mbili."

Vigelegele vikalipuka kabla hatujafungua kinywa (na kwetu, neno lililopigiwa vigelegele halirudi nyuma).

"Ya pili ni ya ingénieur," akasema Papa Anselme akininyoshea kidole, akamalizia soda yake.

Didier alioa. Kazini nimerefusha muda wa kungoja, na katika familia sitamhesabu tena mtu kuwa ameanguka kabla ya kumtuma mwingine akamtazame kwa macho. Ng'ombe wa pili nilimvuta kwa kamba mwenyewe hadi Murara, na kila baada ya hatua chache alisimama, kimya, bila kutoa ishara yoyote, nami nikangoja.