Haika Apata Kazi ya Kulinda Vinu

Haika Mmari alikuwa mhudumu wa wazee huko Edmonton. Kila asubuhi alimwogesha Mzee Walter, mhandisi mstaafu wa vinu vya nyuklia, naye mzee akamsimulia jinsi kinu kinavyoweza kuyeyuka. Haika alinogewa na habari hizo hadi akaenda kusomea uhandisi, miaka sita, huku akifanya kazi.

Jumanne iliyopita alikwenda kwenye usaili wa kazi katika kituo cha nyuklia.

"Kinu kimezimwa na pampu za maji zimesimama," aliulizwa. "Kuna hatari gani?"

"Hata kikizimwa, fueli inaendelea kutoa joto," alijibu. "Maji yakikauka itayeyuka, na mionzi ikivuja watu watahama makwao. Mimi ningekimbilia maji kwanza!"

Simu ilimkuta ndani ya basi: amepata kazi. Haika alipiga vigelegele, akamkumbatia mama asiyemjua aliyeketi kando yake, akapitiliza vituo viwili. Alirudi mbio hadi kwa Mzee Walter, akihema.

"Mzee, wamenichukua!"

Mzee alicheka mpaka meno yake ya bandia yakaanguka. Haika aliyaokota, akayasuuza, wakaanza kucheka upya.